Nasaba Imo Ndani ya Kesi

Familia za Marekani zinazotafuta wazee wao wa karne ya 17 kwa kawaida huanza na maswali matatu: walikuja kwa meli gani, walizaliwa lini, na waliacha kijiji gani ng'ambo ya bahari. Majibu yasipopatikana, lawama huangukia moto na panya. Moto una hatia kweli. Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinakaribia kwisha, jiji la Richmond liliungua pamoja na madaftari ya kaunti kadhaa za Virginia yaliyokuwa yamepelekwa huko yapate usalama. Lakini kaunti ya Northampton, kwenye rasi ya mashariki ya Virginia, ina madaftari ya mahakama yasiyokatika tangu 1632, na bado mtu atakayeyafungua akitafuta tarehe za kuzaliwa huenda akatoka mikono mitupu. Sababu ni kwamba karani wa koloni hakulipwa ili atunze ukoo wa mtu. Alishika kalamu pale mtu fulani alipodai ardhi, kodi, deni, nguvu kazi au faini. Anayetafuta nasaba humo hana budi kuuliza kwanza, kwa kila ukurasa, nani alikuwa anamdai nani. Akishalijua hilo, kurasa ambazo kwa juujuu hazihusu familia ndizo zitakazompa familia.

Mfano mzuri ni familia ya Anthony Johnson, Mwafrika wa kizazi cha kwanza kabisa katika Virginia. Mwaka 1624 Mfalme aliinyang'anya Kampuni ya Virginia hati yake, na mapema 1625 koloni zima likahesabiwa: watu, bunduki, baruti, mahindi, mifugo na nyumba. Serikali ilitaka kujua kama koloni lililoshambuliwa vibaya na wenyeji Wapowhatan mwaka 1622 lingeweza kujilinda na kujilisha. Katika shamba la Bennett hesabu hiyo inamtaja Antonio, mtu mweusi, aliyefika 1621 kwa meli James, na Mary, mwanamke mweusi, aliyefika 1622 kwa meli nyingine. Hakuna jina la baba wala nchi walikotoka. Baada ya hapo Antonio anapotea. Miaka mingi baadaye, katika madaftari ya Northampton, anajitokeza Anthony Johnson, mkulima huru mwenye ardhi na ng'ombe, na mkewe anaitwa Mary. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba ni watu walewale, ingawa Antonio na Mary ni majina ya kawaida mno kuweza kuthibitisha lolote yakiwa peke yake.

Daraja kati ya nyaraka hizo mbili lilijengwa na ombi la kusamehewa kodi. Familia ya Johnson iliunguliwa na mali, ikaenda mahakamani kuomba nafuu, na Februari 1653 mahakama ikaamua kwamba Mary na binti zake wawili wasilipiwe kodi maisha yao yote. Nafuu hiyo haikuwa ndogo, kwani tangu 1643 sheria ya Virginia ilikuwa inawahesabu wanawake wa Kiafrika katika kodi ya kichwa huku wake wa Waingereza wakiachwa. Katika kueleza kwa nini wazee hao walistahili huruma, karani aliandika kwamba walikuwa wameishi Virginia kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuwa na nia ya kumsaidia mtafiti wa nasaba. Alikuwa anatetea uamuzi wa mahakama. Lakini toa miaka thelathini na ushei kutoka 1653 na utafika mahali palepale: 1621 na 1622. Ukikumbuka kwamba Waafrika wote walioandikwa katika hesabu ya 1625 hawafiki thelathini, jambo lililokuwa dhana linakuwa hitimisho lenye miguu. Ushahidi mkubwa kabisa wa maisha ya awali ya familia hii umetoka katika shauri la kodi.

Ardhi nayo ina lugha yake. Tangu 1618 aliyelipa nauli ya mtu kuja Virginia alistahili ekari 50, na ili azipate ilimbidi ataje jina la aliyemlipia. Mwaka 1651 Johnson alipewa hati ya ekari 250 kwa majina matano. Msomaji mwenye pupa huyasoma majina kama hayo kana kwamba ni orodha ya abiria, akaandika kuwa watu hao waliwasili mwaka wa hati. Hapo ndipo anapopotea. Haki hizo ziliuzwa na kununuliwa, zikawekwa akiba kwa miaka, na jina moja liliweza kudaiwa zaidi ya mara moja. Jina mojawapo katika hati ya Johnson ni Richard Johnson, na Richard ni jina la mwanawe pia. Hati peke yake haisemi kama ndiye au siye. Inathibitisha jambo moja tu, kwamba kufikia 1651 mtu huyu aliweza kudai ekari 250 na dai lake likakubaliwa. Hata hivyo ni tamaa hiyohiyo ya ardhi iliyoyahifadhi majina ya maelfu ya watumishi wa mkataba kutoka Uingereza, watu maskini wasio na shamba wala wosia. Kama tajiri asingepata ekari 50 kwa kichwa cha kila mmoja wao, wengi wasingeandikwa popote.

Kesi iliyolifanya jina la Johnson lijulikane zaidi inatufundisha pia kusoma tarehe. John Casor, Mwafrika aliyemtumikia Johnson, alidai kwamba alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane na kwamba muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Jirani, Robert Parker, akamchukua. Johnson akashtaki, na mahakama ikaamuru Casor arudishwe kwa bwana wake. Kwa hesabu ya wakati ule tarehe ilikuwa 8 Machi 1654. Kwa hesabu yetu ni 1655. Waingereza na makoloni yao walikuwa wanaanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, hadi walipobadili kalenda mwaka 1752 na kuruka kutoka Septemba 2 hadi Septemba 14. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa amezaliwa Februari 1654 ni mdogo kwa miezi kumi kuliko aliyeandikwa Aprili 1654. Asiyelijua hili atamfanya mdogo kuwa mkubwa, atamzalisha mama mmoja watoto wawili katika muda usiowezekana, kisha atawalaumu makarani kwa uzembe ambao si wao.

Katika miaka ya 1660 familia ilihamia Maryland, kaunti ya Somerset, na Anthony akafia huko. Agosti 1670 jopo la raia huko Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha irudi mikononi mwa Mfalme, kwa hoja kwamba Johnson alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Uamuzi huo ni dhuluma, na papo hapo ni waraka wa nasaba, kwa kuwa shauri la mirathi haliwezi kusikilizwa bila kutaja marehemu, ardhi yake na aliyeirithi. Mwaka 1677 John Johnson, mjukuu, alinunua ekari 44 huko Maryland na kuliita shamba lake Angola. Ni wazi mnunuzi alilichagua jina mwenyewe, maana sheria haikumtaka ataje asili yake. Halithibitishi kwamba babu alitoka Angola, ingawa Waafrika wengi waliofika Virginia wakati ule walitoka pande hizo. Linathibitisha kwamba kizazi cha tatu kilitaka jina hilo liingie katika daftari la ardhi, na liliingia kwa sababu tu kulikuwa na ardhi ya kusajiliwa.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa wanawake. Mwaka 1656 Elizabeth Key, binti wa Mwingereza Thomas Key na mama Mwafrika, alishinda kesi ya kudai uhuru wake huko Virginia, na nasaba ya baba ilikuwa nguzo ya dai lake. Mwaka 1662 bunge la koloni likaziba mlango huo: mtoto afuate hali ya mama. Kuanzia hapo mabwana walikuwa na sababu ya kifedha ya kujua mama ni nani, na sababu ya kunyamaza kuhusu baba. Kwa waliokuwa watumwa, basi, mahali pa kutafuta ni wosia wa bwana, orodha ya mali ya marehemu na hati za rehani, ambamo mama na wanawe hutajwa pamoja kwa bei. Kisha sheria ya 1691 iliagiza kwamba mwanamke mweupe aliyezaa nje ya ndoa na mwanamume mweusi alipe faini ya pauni 15 au auzwe kwa miaka mitano, na mtoto atumikishwe hadi umri wa miaka thelathini. Paul Heinegg, aliyepekua kumbukumbu za mahakama za Virginia, Maryland na Carolina, alionyesha kwamba familia nyingi za watu weusi huru wa enzi ya ukoloni zilitokana na wanawake watumishi wa namna hiyo. Mashtaka yaliyokusudiwa kuwaaibisha ndiyo leo yanayoonyesha chimbuko la uhuru wa wajukuu wao.

Atakayepinga atasema kwamba haya ni ya Virginia, na kwamba kaskazini watu waliandikwa kama watu. Ni kweli kwamba Massachusetts iliagiza mwaka 1639 kuzaliwa, ndoa na vifo viandikwe, na miji yake imewaachia wazao hazina ambayo Virginia haina. Lakini hata huko kuandika kulifuata haki na stahili. Makanisa ya Kipuriti hayakubatiza kila mtoto aliyeletwa, bali kwanza watoto wa waumini waliokubaliwa ushirika, na mabishano juu ya kuwabatiza wajukuu wa waumini hao yaliyafikisha makanisa kwenye mapatano ya 1662. Asiyekuwa mshirika hakukosa watoto. Alikosa ukurasa kanisani. Atafutwe kwenye orodha ya kodi, kwenye mgao wa ardhi ya mji, au kwenye mahakama aliyotozwa faini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama kila waraka ulizaliwa na maslahi ya mtu, kwa nini tuuamini? Jibu ni kwamba maslahi hayapotoshi kila neno kwa kiasi kimoja. Mdai ardhi anaweza kutia chumvi idadi ya watu aliowaleta, lakini hana faida kudanganya jina la kijito kinachopakana na shamba lake, maana jirani anamsikiliza. Karani wa 1653 angeweza kuzidisha taabu za Johnson ili kuitetea huruma ya mahakama, lakini kutaja miaka thelathini mbele ya watu waliomfahamu mzee huyo kulikuwa na mipaka. Kinachoaminika zaidi katika waraka ni yale yaliyotajwa kwa kupita tu. Kwa hiyo kulijua dai lililouzaa waraka hakutufanyi tuutupe. Kunatuonyesha wapi pa kuutilia shaka na wapi pa kuuegemea.

La tatu ni kwamba masimulizi ya ukoo na vipimo vya vinasaba vimeifanya karatasi isiwe na haja. Alex Haley, katika kitabu chake Roots cha 1976, alieleza kwamba mhenga wake Kunta Kinte aliletwa Annapolis mwaka 1767 kwa meli Lord Ligonier, akauzwa Virginia na kuitwa Toby. Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walipozikagua kumbukumbu za familia ya Waller iliyotajwa na masimulizi, walimkuta Toby yuko Virginia mwaka 1762, kabla ya meli hiyo kufika. Kwa upande mwingine, Madison Hemings alisema katika gazeti la Ohio mwaka 1873 kwamba baba yake alikuwa Rais Thomas Jefferson, na wanahistoria wengi wakampuuza kwa zaidi ya karne. Kipimo cha 1998 kilionyesha kwamba uzao wa kiume wa Eston, ndugu yake Madison, unatoka katika ukoo wa kiume wa Jefferson. Lakini kipimo kiliishia kwenye ukoo; hakikuweza kumchagua mtu mmoja kati ya wanaume wake. Kumbukumbu za Jefferson mwenyewe, alizoziweka kufuatilia safari zake na mali yake, zilionyesha kwamba alikuwa kwenye shamba lake la Monticello takribani miezi tisa kabla ya kuzaliwa kwa kila mtoto aliyeandikwa humo wa Sally Hemings, mama yao Madison na Eston. Simulizi lilitaja jina, damu ikataja ukoo, na daftari la mwenye mali likapunguza shaka iliyobaki.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani waliunda vyama vya wazao, kama chama cha Mabinti wa Mapinduzi mwaka 1890 na cha wazao wa abiria wa meli Mayflower mwaka 1897, na soko la nasaba likachangamka kiasi kwamba Gustave Anjou aliweza kuishi kwa kuwauzia matajiri koo za kubuni. Wateja wake walitaka mlolongo usio na pengo kutoka kwao hadi kwa bwana wa heshima Uingereza, na mlolongo wa namna hiyo ndio unaopaswa kutiliwa shaka kwanza, kwa sababu nyaraka za koloni hazikuandikwa ili kuutoa. Nasaba iliyofanyiwa kazi kwa uaminifu ina mapengo, na kila kiungo chake kinaweza kutaja dai lililokizaa. Kwa kipimo hicho Anthony Johnson ana nasaba imara kuliko waungwana wengi wa Anjou. Na watu ambao vyama kama hivyo havikuwafikiria kabisa, yaani watumwa, watumishi na wanawake waliotozwa faini, wanapatikana katika madaftari yaleyale waliyomo waliowatoza.