Cha Kuondoa na Cha Kubakiza: Historia Fupi ya Rimiksi Bora, kutoka Kingston hadi Dar es Salaam

Rimiksi ni wimbo uliokwisha kurekodiwa ambao hufumuliwa na kushonwa upya kwa vipande vyake vyenyewe, pamoja na vingine anavyoongeza fundi. Ni rahisi kuipima kwa hivyo vilivyoongezwa: mdundo mpya, besi nzito, kasi kubwa zaidi. Makala haya yanadai kwamba historia inaelekeza kwingine. Rimiksi zilizodumu zilitoka kwa mafundi waliojua cha kuondoa, na uwezo wa kuondoa ulitegemea jambo la kiutawala kabisa: nani ameshika kanda, na nani ameruhusiwa kuzigusa.

Chimbuko linalotajwa zaidi ni Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba katika studio ya Treasure Isle, mjini Kingston, santuri ya majaribio ilichongwa bila sauti ya mwimbaji kwa sababu fundi mitambo alisahau kuiingiza. Ruddy Redwood, mwenye mitambo ya kupigia muziki wa dansi huko Spanish Town, hakuitupa. Aliipiga mbele ya watu, nao wakaimba wenyewe maneno yaliyokosekana. Hata kama masimulizi haya yametiwa chumvi kidogo, yana uzito wa kinadharia: nafasi tupu ilimgeuza msikilizaji kuwa mshiriki.

Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, aliigeuza bahati hiyo kuwa ufundi. Kazi yake ilikuwa umeme na utengenezaji wa vikuza sauti. Umaarufu wake haukutokana na kupiga ala. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi na kanda zenye njia nne. Alifunga njia ya sauti baada ya neno moja tu, akaliacha lipotelee katika mwangwi, akabaki na besi na ngoma; kisha gitaa likachomoza ghafla na kuzimwa tena. Meza ya kuchanganyia sauti ikawa ndiyo ala. Wakati huo Jamaika ilikuwa bado chini ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, nayo sheria yake yenyewe haikuanza kutumika hadi 1993. Mtayarishaji aliyegharimia kanda aliweza kuitumia tena na tena, ilhali mara nyingi wapigaji ala walilipwa siku ya kurekodi tu. Uhuru uliozaa sanaa hii uligharimiwa na watu hao.

Jijini New York, shinikizo lilitoka kwa wachezaji. Tom Moulton aliona kwamba nyimbo za dakika tatu zilikwisha wakati wachezaji ndio kwanza wamechangamka, akaanza kuzirefusha. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuza kwa umma santuri ya inchi 12 ya wimbo Ten Percent wa kundi la Double Exposure, iliyorefushwa na dijei Walter Gibbons hadi karibu dakika 10. Mwaka uliofuata Gibbons alikabidhiwa kanda zenye njia mbalimbali za wimbo Hit and Run wa Loleatta Holloway. Aliondoa sehemu kubwa ya beti, akabakiza miito ambayo mwimbaji aliibuni papo kwa papo kuelekea mwisho. Kile kilichokuwa pambo kikawa kiini. Dijei aliyeruhusiwa santuri tu asingeweza kufanya hivyo.

Kiasi cha kinachoondolewa, hata hivyo, hakina kanuni. Mwaka 1995 Todd Terry aliiacha sauti ya Tracey Thorn karibu nzima katika Missing, akabadilisha kilichokuwa chini yake. Mwaka 1996 Armand van Helden alibakiza maneno machache tu ya Professional Widow wa Tori Amos. Zote mbili zilifaulu, kwa sababu kila fundi alitambua kipande ambacho wimbo ungeweza kukitegemea peke yake.

Mashariki mwa Afrika, singeli inatoa mfano wenye ugumu wake. Madijei wa vigodoro katika mitaa ya Dar es Salaam walichukua sehemu za taarabu zisizo na uimbaji, wakazirudiarudia na kuzikimbiza, na vijana wakaghani juu yake. Hawakuwa na kanda zenye njia mbalimbali. Hawakuweza kumnyamazisha mwimbaji; iliwabidi wasubiri anyamaze mwenyewe, kisha wakate hapo. Baadaye watayarishaji walianza kujitengenezea midundo kwa kompyuta, nayo kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, muziki huo ulifika Ulaya ukiwa na kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, kama zile za Kenya ya 2001 na Uganda ya 2006, humpa mtunzi mamlaka juu ya mabadiliko ya kazi yake. Inachukulia kwamba mwombaji anamjua wa kumwomba. Kaseti iliyonakiliwa mara nyingi haimtaji mpiga kinanda aliyebuni kile kipande cha sekunde chache ambacho mtaa mzima unakicheza. Wala tatizo halijaisha kwa ujio wa kompyuta: njia mbalimbali za nyimbo za sasa zimo katika diski za studio ndogo, bila nakala ya pili na bila mkataba unaosema ni za nani, na diski ikiungua kinachobaki ni wimbo uliofungwa, kama ilivyokuwa kaseti.