Kampasi Zinazoondoka: Uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1961

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na shahada zake zikitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo chake. Kwa hiyo chuo hiki chenyewe kilizaliwa kwa kujitenga, na historia ya kampasi zake inafuata mkondo uleule.

Uongozi wa mwanzo ulikuwa karibu mno na dola. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwaka 1970 Rais akawa Mkuu wa Chuo, na umakamu akapewa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye utendaji wa TANU. Haikupita hata miaka miwili, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, akafukuzwa baada ya kumwandikia Msekwa barua ya wazi iliyoukosoa uongozi wake. Siasa za Mlimani zimeandikwa sana. Ramani ya chuo imeandikwa kidogo, ingawa ndiyo iliyoamua nani anamwongoza nani.

Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kiliondoka kwanza. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Muhimbili ilipewa hadhi ya chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na Ardhi, iliyokuwa chuo cha serikali nje ya Mlimani, ikaingia kwa hadhi hiyohiyo mwaka 1996. Zote mbili zikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Umbali hautoshi kueleza jambo hili, maana Ardhi imepakana na Mlimani. Sababu iliyo na uzito zaidi ni taaluma. Daktari, mpimaji ardhi na mtaalamu wa kilimo wana wizara zao, bodi zao na soko lao, na Rasi, yaani mkuu wa chuo kikuu kishiriki, mwenye hivyo vyote hana haja kubwa ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Profesa Matthew Luhanga, Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia 1991 hadi 2006, ndiye aliyesimamia sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, pamoja na mpango wa mageuzi ya chuo ulioanza mwaka 1994. Mwaka 2005, shule za sekondari zilipokuwa zikiongezeka kwa kasi na walimu hawatoshi, chuo kilianzisha vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu: Chang'ombe, jijini Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa.

Hivi viwili havijaondoka. Mkwawa iko mbali kuliko Muhimbili na Ardhi, lakini inafundisha masomo yanayofundishwa Mlimani pia, na wahitimu wake wanaajiriwa kwa masharti yaleyale. Kwa uongozi wa chuo chenye kampasi nyingi, mgawanyo wa taaluma ni suala zito kuliko kilomita.