Hitilafu Iliyozaa Pedali ya Gitaa

Waandishi wa programu tuna mzaha wetu wa zamani: mteja akilalamika, mwambie hilo si kosa, ni huduma mpya. Kwa wapiga gitaa mzaha huu ni historia.

Mjini Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akirekodi gitaa la besi katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961. Transfoma ya mtambo wa kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika, na besi ikatoka ikikwaruza. Waliiacha hivyo hivyo. Wimbo ukapendwa, na wanamuziki wengine wakaitaka sauti hiyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini kuunda saketi ya transista iliyoiga ule ubovu. Gibson wakaiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mauzo yalikuwa baridi mpaka 1965, Rolling Stones walipoitumia katika "Satisfaction".

Siri yake ni ndogo. Mawimbi ya sauti yakisukumwa kupita uwezo wa transista, vichwa vyake hukatwa. Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966, ilifanya kazi hiyo kwa transista mbili tu na vipuri vichache. Kitu rahisi namna hiyo hakifichiki. Mwaka 1975 Craig Anderton alichapisha kitabu cha miradi ya elektroniki kwa wanamuziki, na mtu mwenye vipuri na lehemu akaweza kujitengenezea mezani kwake.

Shida ilikuwa kwamba kila doido lilihitaji kisanduku chake: kimoja cha kukwaruza, kingine cha mwangwi, na nyaya kati yao. Chipu ya FV-1 ya Spin Semiconductor ilibadilisha mambo kwa mafundi wa nyumbani. Ndani yake mna programu nane tayari, na unaweza kuongeza nane zako kwenye kumbukumbu ya nje. Inafanya amri 128 kwa kila sampuli, na kwa kasi ya kawaida sampuli ni 32,768 kwa sekunde. Hiyo ni kama amri milioni 4.2 kila sekunde. Kasanduku kamoja, madoido mengi.

Hapa ndipo sisi watu wa kodi tunapodhani mambo ni mteremko. Mwangwi ni kusoma kumbukumbu ya nyuma. Kukwaruza je? "Namba ikizidi kikomo, ikate." Mstari mmoja! Ukijaribu utasikia filimbi za ajabu zisizofuata noti unayopiga. Kukata huko huzaa mawimbi ya juu kuliko nusu ya kasi ya sampuli, nayo hurudi chini yakiwa sauti nyingine. Dawa ni kuongeza kasi ya sampuli kabla ya kukata, kuchuja, kisha kuirudisha chini. Pia kuna muda: ukikusanya sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 kabla ya kuzichakata, umeshachelewa milisekunde 5.3. Ukurasa wa wavuti ukichelewa nusu sekunde, msomaji anavumilia. Kwa mpiga gitaa, nusu sekunde ni wimbo kuharibika.

Kwa hiyo kosa lililotokea bure Nashville, leo tunaliandika kwa jasho. Ukitaka kujenga yako, anza na saketi ya transista mbili. Isikilize vizuri kwanza, kisha ndiyo ufungue kompyuta.