Ukibadilisha kompyuta ya gari, usisahau ufunguo
Mwenye gari anayenunua kompyuta ya injini iliyotumika, katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kwingineko, huenda akashangaa gari likikataa kuwaka ilhali kifaa ni kizima. Kichwani mwa ufunguo mna kidude chenye nambari ya siri, ambayo husomwa kupitia waya uliozungushwa penye swichi. Nambari hiyo isipotambuliwa, kompyuta huzuia petroli au cheche, na injini huzimika papo hapo. Nchini Uingereza, kinga hii ni ya lazima kwa magari mapya tangu Oktoba 1998.

Yafaa kompyuta inunuliwe pamoja na ufunguo wake, na kisanduku cha kinga kikiwa kando, nacho pia. La sivyo, fundi mwenye mashine ahamishe kumbukumbu ya kompyuta ya zamani, ambayo kwa hiyo haifai kutupwa.