Kwa Nini Hasi Mbili Ilikatwa

Kidato cha pili tulipewa mlinganyo huu: log x + log (x − 3) = 1. Kujumlisha logi ni kuzidisha namba zake, na 1 ni logi ya 10, basi nikaandika x(x − 3) = 10. Majibu yakaja mawili, 5 na −2. Karatasi iliporudi, −2 imepigwa mstari mwekundu. Nikauliza. "Logi haitaki hasi," nikajibiwa, kipindi kikaendelea.

Haitaki kwa nini? Swali hilo nilimaliza nalo shule nikarudi nalo nyumbani Kingolwira.

Aliyezitunga logi ni John Napier, bwana shamba la urithi huko Skotilandi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1614, na shida yake ilikuwa kuwapunguzia wapima nyota na mabaharia adha ya kuzidisha namba ndefu. Logi yake ilianza na vitu viwili vinavyotembea. Mimi huvifikiria kwa reli hii yetu ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907.

Chukua treni mbili, zinaondoka Kingolwira pamoja kwa mwendo mmoja. Ya kwanza inakwenda Morogoro, ila kadiri njia inavyopungua na mwendo unapungua: ikibakiza nusu ya njia, mwendo nao ni nusu. Ya pili iko kwenye reli isiyo na mwisho na haipunguzi mwendo kamwe. Njia iliyobaki kwa treni ya kwanza ndiyo namba. Njia ambayo ya pili imekwisha kwenda ndiyo logi ya namba hiyo. Sasa ile ya kwanza itabakiza mita, itabakiza unywele, lakini kufika haifiki, seuze kuipita stesheni. Na −2 ni treni iliyokwishavuka Morogoro! Kumbe.

Ile 1 ya kwenye mlinganyo ina mtu wake pia. Henry Briggs alisafiri mwaka 1615 kwenda kwa Napier, wakakubaliana logi zisimame juu ya 10. Mwaka 1624 Briggs akatoa logi za namba 30,000, kila moja tarakimu 14 baada ya nukta, zote kwa mkono. Sisi tulilalamikia kuzisoma nne tu.

Tena sikuwa mjinga peke yangu. Mwaka 1712 na 1713 Leibniz na Johann Bernoulli walibishana kwa barua juu ya logi za hasi. Bernoulli alishikilia kwamba logi ya −2 ni sawa na ya 2. Euler ndiye aliyekata shauri, katikati ya karne hiyo: hasi zina logi, tena zisizo na idadi, ila hakuna hata moja iliyo kati ya namba hizi zetu za kawaida.

Na kilichonidanganya nimekiona. Weka −2 mahali pa x: unapata −2 na −5, na zao lake ni 10 kweli. Nilipounganisha logi mbili kuwa moja, alama za hasi zilifutana, mwizi akaingia ndani na wenyeji.

Juzi mdogo wangu kaniletea daftari, majibu mawili. Sikukata kitu. Nikamwambia avae ndala twende relini.