Majani ya Mto Bear

Ukipita barabara kuu kaskazini mwa Preston, mji mdogo wa jimbo la Idaho nchini Marekani, utavuka Mto Bear na kuona kijito kikiingia mtoni chini ya vilima. Kwa Washoshone wa Kaskazini Magharibi, hapa palikuwa kambi ya majira ya baridi. Korongo la kijito liliwakinga na upepo, vichaka vya mierebi vilizuia theluji, na chemchemi za majimoto zilikuwa karibu. Walipaita Boa Ogoi. Katikati ya baridi kali, koo mbalimbali zilikutana hapa kucheza ngoma ya kuifukuza baridi na kuuita msimu wa joto.

Washoshone ni watu wa nchi pana, kuanzia Nevada hadi Wyoming, na lugha yao ina udugu wa mbali na ile ya Waazteki wa Meksiko. Wale wa mashariki walipanda farasi na kuwinda nyati. Hawa wa Mto Bear walizunguka kwa kufuata misimu: samoni kwenye mito ya Idaho, kokwa za msonobari huko magharibi vuli ilipofika, mizizi na matunda ya porini kati ya safari hizo. Lakini nguzo ya chakula chao ilikuwa mbegu za majani. Wanawake walizipukuchua kwa kuyapiga mashuke juu ya tenga, wakazipeta, kisha wakazirusharusha kwenye ungo pamoja na makaa ya moto mpaka zikaangike bila ungo kuungua. Baada ya hapo zilisagwa kwa jiwe, unga ukawekwa akiba ya miezi ya theluji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bila kulielewa huwezi kuelewa yaliyotokea hapa.

Mwaka 1856 walowezi wa Kimormoni walianza kuhamia Bonde la Cache, ambamo mto huu unapita. Mwaka 1860 wakajenga Franklin, jirani kabisa na kambi hiyo ya baridi. Walikuja na ng'ombe, na ng'ombe wakala majani kabla hayajatoa mbegu. Mwaka 1862 dhahabu ikagunduliwa Montana, na misafara ya wachimbaji ikakata katikati ya nchi hiyohiyo. Kiongozi wa Wamormoni, Brigham Young, aliwashauri watu wake kwamba kuwalisha wenyeji ni nafuu kuliko kupigana nao, na kweli unga ulitolewa. Lakini unga wa kuombwa haulishi taifa. Vijana wakaanza kuchukua ng'ombe, damu ikamwagika pande zote mbili, na kila tukio likahesabiwa kuwa kosa la Washoshone wote.

Huko Salt Lake City alikuwepo Kanali Patrick Edward Connor, mzaliwa wa Ireland, akiongoza askari wa kujitolea kutoka California. Askari hao walijiandikisha wakitarajia kupelekwa mashariki, kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, lakini wakaachwa kulinda njia za posta. Hati ya kuwakamata machifu Bear Hunter, Sagwitch na Sanpitch ilipotolewa, Connor alitamka wazi kwamba hakukusudia kuchukua mateka.

Alfajiri ya tarehe 29 Januari 1863 askari wapatao 200 waliuvuka mto uliojaa barafu. Shambulio la kwanza lilirudishwa. Wakazunguka pande zote, wakaziba midomo ya korongo, na risasi za Washoshone zilipokwisha, yaliyofuata hayakuwa mapigano tena. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto. Makadirio mengi yanaanzia 250 na kuzidi 400. Kwa upande wa jeshi walikufa ishirini na ushei. Bear Hunter aliuawa. Mahema yalichomwa, farasi wakachukuliwa. Connor akapandishwa cheo kuwa Brigedia Jenerali, na magazeti ya mashariki, yaliyojaa habari za vita vyao, yakaligusa jambo hili juujuu tu.

Yeager Timbimboo, mwana wa Sagwitch, alikuwa na umri wa miaka kama 12. Alilala kwenye theluji kando ya bibi yake, wote wawili wakijifanya wamekufa. Mtoto akashindwa kuvumilia, akainua kichwa, akakuta askari amesimama juu yake na bunduki. Askari akailenga, akaishusha, akailenga tena, akaishusha, akaenda zake. Yeager aliishi hadi uzeeni, akalisimulia jambo hilo tena na tena kwa wajukuu zake.

Mmoja wa wajukuu hao, Mae Timbimboo Parry, aliyafanya masimulizi hayo kuwa kazi ya maisha yake. Mnara uliojengwa hapa mwaka 1932 ulisema palipiganwa vita, na ukawahesabu wanawake na watoto kuwa wapiganaji. Mae aliandika aliyoyasikia kwa wazee, akaenda hadi Washington kuyatetea. Mwaka 1990 serikali ilipatambua rasmi kuwa mahali pa mauaji ya halaiki. Kwangu mimi, huo ni ushindi wa mwanamke aliyeamini kinywa cha babu yake kuliko maandishi ya jiwe.

Mwaka 2018 kabila, lenye watu mia kadhaa tu, liliinunua sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa fedha zake, na kila tarehe 29 Januari watu wake hukusanyika hapo kuwakumbuka marehemu. Wameanza kung'oa mizeituni ya Kirusi, mti wa kigeni unaonyonya maji mengi, na kupanda mierebi, mipopla na majani ya asili kwa msaada wa watu wa kujitolea. Katika kuchagua cha kupanda wanaongozwa pia na kumbukumbu alizoacha Mae kuhusu mimea ambayo wazee wake walikula na kujitibia. Maji yanayookolewa yanateremka na Mto Bear hadi Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, ambalo linategemea mto huu kuliko mwingine wowote na ambalo kina chake kimepungua sana miaka ya karibuni.