Mtoto wa Kulea na Mikataba ya Mataifa

Katika miji ya mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, kumlea mtoto wa mtu mwingine halikuwa jambo la kuendewa mahakamani. Yatima alichukuliwa na ami yake au halati yake, na alipokosa jamaa alichukuliwa na jirani mwenye wasaa. Akalishwa, akavishwa, akapelekwa chuoni kusoma Kurani, na mwisho akaozwa pamoja na watoto wa nyumba, ila jina la babaye halikuondolewa juu yake, wala hakuingia katika mirathi ya mlezi wake isipokuwa kwa hiba au kwa wasia, na wasia wenyewe hauruhusiwi kuvuka thuluthi ya mali. Hiyo ndiyo kafala ya sheria ya Kiislamu, ambayo humpa mtoto nyumba bila ya kumpokonya nasaba.

Shauri la kumfanya mtoto wa huyu kuwa mtoto wa yule kwa amri ya hakimu lilitujia kutoka Uingereza, na huko nako halikuwa la kale, kwani sheria yao ya kwanza ya kuasili watoto ilipitishwa mwaka 1926, tena haikuthubutu kugusa mirathi: mtoto aliyeasiliwa aliendelea kuwarithi wazazi waliomzaa. Kenya ilipewa sheria ya mfano huo mwaka 1933, na nyingine mwaka 1959, na kwa muda mrefu jambo lote likawa baina ya mwombaji na hakimu wa nchi moja.

Vita na misukosuko ya dola ndiyo iliyolivusha jambo hili mipaka. Baada ya mapigano ya Korea kusimama mwaka 1953, maelfu ya watoto walipelekwa Marekani na Ulaya. Na utawala wa Ceaușescu ulipoanguka huko Romania mnamo Desemba 1989, wageni walimiminika katika vituo vya watoto na, baya zaidi, katika nyumba za maskini, wakapatana bei na wazazi walio hai, hata ikakadiriwa kwamba katika muda wa mwaka mmoja na nusu watoto wapatao 10,000 walikwisha kutolewa nchini.

Mwezi mmoja tu kabla ya anguko hilo, tarehe 20 Novemba 1989, Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Katika majadiliano yake dola za Kiislamu zilikataa katakata kufungwa na sheria ya kuasili, na kwa ajili yao kifungu cha 20 kikaitaja kafala kwa jina lake, na kifungu cha 21 kikasema na zile dola tu zinazokubali kuasili. Nionavyo mimi, hilo halikupewa uzito linaostahili: ulezi waliouzoea wazee wetu uliandikwa katika sheria ya dunia nzima, ilhali katika sheria nyingi zilizoachwa na wakoloni haukuwa na hata mstari mmoja. Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ulikwenda mbali zaidi, ukasema kwamba kumtoa mtoto nje ya nchi ni njia ya mwisho.

Ndipo ukaja Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, ulioanza kutumika tarehe 1 Mei 1995, na Romania yenyewe ikiwa miongoni mwa dola tatu za kwanza. Mkataba huu uliwaondoa wanunuzi mbele ya wazazi: anayetaka kuasili hana ruhusa ya kuonana nao kabla ya masharti kutimia; mama hatoi ridhaa ila baada ya kujifungua, wala ridhaa hainunuliwi; na barua zote hupita baina ya mamlaka kuu za nchi mbili, kila moja ikiwa na haki ya kukataa.

Kenya ilijiunga mwaka 2007, na katiba yake ya mwaka 2010 ikaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Lakini kuridhia ni jambo moja na kusimamia ni jingine, na mnamo Novemba 2014 serikali ililazimika kusimamisha watoto kuasiliwa na wageni, kwa hofu ya biashara ya binadamu. Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa nje ya Mkataba wa Hague, ilimtaka mgeni amlee mtoto nchini kwa miaka mitatu. Mawakili wakapata mlango wa nyuma, wakaomba Mahakama Kuu amri ya uwalii, kisha mtoto akasafirishwa na kuasiliwa huko Marekani. Bunge liliufunga mlango huo mwaka 2016, likaufanya uwalii kuwa wa raia peke yao, na muda wa kulea likaupunguza kuwa mwaka mmoja.

Kafala nayo imerudi kwa njia ya sheria: imo katika Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na katika ile ya Kenya ya mwaka 2022. Lakini Mkataba wa Hague wa 1993 hauihusu, kwa kuwa husimamia ule uasili tu unaoleta uzazi wa kudumu. Ulioikumbuka ni mkataba mwingine wa Hague, wa mwaka 1996, ambao humtaka mlezi wa nchi ya pili akubaliwe kwanza na mamlaka ya huko. Ufaransa, kwa sheria yake ya mwaka 2001, hukataza kumwasili mtoto ambaye sheria ya kwao yakataza kuasili, na mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ikaamua kwamba katazo hilo halikumdhulumu mlezi wa Kifaransa aliyekuwa na mtoto wa kafala kutoka Algeria. Ikataja kile kifungu cha 20, na ikakumbusha kwamba mtoto wa namna hiyo, akiisha kulelewa Ufaransa muda uliowekwa, aweza kupewa uraia, na akiupata huhukumiwa kwa sheria ya Kifaransa, nayo huruhusu aasiliwe.